Karatasi Inayorudi: Elimu ya Masafa na Kuridhika kwa Wanafunzi katika Nchi ya Chai ya Kericho na Bomet

Watafiti wa elimu wanapotaka kujua kama mwanafunzi wa chuo kikuu ameridhika na masomo ya mtandaoni, kwa kawaida humpa hojaji yenye sentensi kadhaa na kumtaka aonyeshe, kwa kila sentensi, kama anakubali kabisa, anakubali, hana msimamo, anakataa au anakataa kabisa. Kipimo hicho cha ngazi tano kilibuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Rensis Likert mwaka 1932, na kimeenea kiasi kwamba wanafunzi wengi wa Kenya hukitumia katika tasnifu zao kama kwamba kilikuwapo tangu awali, huku Uingereza ikiwa nayo, tangu mwaka 2005, imeufanya uchunguzi wa aina hiyo kuwa shughuli ya kitaifa ya kila mwaka. Kuridhika, kwa maana ya watafiti hao, ni uwiano kati ya kile mwanafunzi alichokitarajia na kile alichokipata. Fasili hiyo inafaa, ila ina upungufu ambao mwanahistoria hawezi kuufumbia macho, kwa sababu hojaji humfikia yule aliyebaki darasani, ilhali aliyeacha masomo njiani, ambaye kutoridhika kwake ndiko kulikokuwa kukubwa zaidi, huwa ameshaondoka bila kuulizwa neno. Katika kaunti za Kericho na Bomet, ambako watu walisoma na walimu wasiowaona miongo mingi kabla ya intaneti, historia ndefu ya masomo hayo inaonyesha kwamba mwanafunzi hakuridhishwa sana na kile alichotumiwa, kiwe kijitabu, kipindi cha redio au video. Kilichomridhisha au kumvunja moyo ni kile kilichorudi baada ya yeye mwenyewe kutuma kazi yake.

Nchi inayozungumziwa ni miinuko ya magharibi mwa Bonde la Ufa, ambayo mji wake wa Kericho umekaa mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na ambako Wakipsigis waliishi kwa ufugaji na kilimo cha wimbi kabla ya serikali ya kikoloni kutwaa sehemu kubwa ya ardhi na kuwapa walowezi na kampuni. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi, na mashamba yao yakawa ulimwengu unaojitegemea, wenye nyumba za wafanyakazi, zahanati, shule za msingi na hata mitambo ya kuzalisha umeme kwa maji ya mito. Wakulima wadogo waliingia kwa wingi baadaye, hasa baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai ya Kenya, yaani KTDA, mwaka 1964, na viwanda kama Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Kapkoros vikawa vituo vya maisha ya vijiji vilivyovizunguka. Bomet yenyewe ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kericho hadi mwaka 1992. Tofauti kati ya shamba la kampuni na shamba la mkulima mdogo ina uzito katika historia hii kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa aliyeajiriwa na kampuni aliishi karibu na umeme na simu lakini saa zake za mchana zilikuwa za mwajiri, naye mkulima mdogo, aliyekuwa na uhuru wa kupanga siku yake, aliishi mbali na posta, mbali na nguzo ya umeme, na baadaye mbali na mnara wa simu.

Elimu ya shule ilifika kwanza kwa mikono ya wamisionari, wakiwamo wale wa Africa Inland Mission pale Litein, kisha serikali ikafungua shule yake Kabianga mwaka 1925. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na za chuo kikuu zikawa chache kuliko hizo, hata kijana aliyemaliza masomo ya msingi na kuajiriwa kama karani wa shamba au mwalimu msaidizi akabakiwa na njia moja ya kusonga mbele bila kuacha mshahara, nayo ilikuwa sanduku la posta. Njia hiyo ndiyo asili ya kile ambacho leo huitwa elimu ya masafa, yaani mafunzo ambayo mwalimu na mwanafunzi hutenganishwa na umbali kwa sehemu kubwa ya muda wao, hivyo kulazimika kutegemea chombo fulani cha mawasiliano. Mwanzilishi anayetajwa mara nyingi ni Isaac Pitman, Mwingereza ambaye mwaka 1840, mara tu baada ya gharama ya barua kushushwa nchini mwake, alianza kufundisha hati mkato kwa kadi zilizotumwa kwa posta. Kutuma somo kwa barua halikuwa jambo geni wakati huo. Upya wa Pitman ulikuwa katika kuwataka wanafunzi wamrudishie zoezi, naye alisahihishe na kulituma tena. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini watu wa mbali mwaka 1858, Wolsey Hall ya Oxford ikaanzishwa mwaka 1894, na Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kinachojulikana kwa kifupi UNISA, kikageuzwa mwaka 1946 kuwa chuo cha kufundisha kwa barua. Kwa Mwafrika wa Kenya ambaye hakuwa na nafasi katika Chuo cha Makerere, taasisi hizo za ng'ambo zilikuwa mlango uliokuwa wazi, ijapokuwa zilitoza ada na zilifundisha kana kwamba msomaji wao anaishi Kent au Natal.

Miongoni mwa watu wa nchi ya chai walioupita mlango huo hakuna anayejulikana zaidi ya Taaitta Toweett, Mkipsigis aliyezaliwa mwaka 1925. Mwaka 1955 baraza la wilaya ya Kipsigis lilimlipia kwenda kusomea stashahada ya utawala na ustawi wa jamii huko Torquay, Uingereza, lakini shahada zake mbili za mwanzo zilitoka UNISA, ya kwanza mwaka 1956 na ile ya Honours mwaka 1959. Kati ya miaka hiyo miwili alirejea nyumbani, akaajiriwa kuwa ofisa wa maendeleo ya jamii katika wilaya ya Nandi, akahariri jarida la Kikipsigis, na mwaka 1958 akachaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Maana yake ni kwamba shahada ya Honours ilikamilika wakati mwenyewe akiwa mwanasiasa anayezunguka jimbo lililowachanganya Wakipsigis na Wamaasai, jambo ambalo lisingewezekana kama chuo kingemdai akae bwenini. Toweett hakuwa mwanafunzi wa kawaida, na kumfanya kielelezo cha wote kungekuwa kosa. Hata hivyo maisha yake yanaonyesha vizuri kile ambacho posta ilikifanya kwa ubora, yaani kumngoja mwanafunzi mpaka apate nafasi.

Posta ilikuwa pia na kasoro yake kuu, nayo ilikuwa mwendo. Barua za Kericho katika enzi za mwanzo za ukoloni zilitegemea reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, na kituo kilichokuwa karibu ni Lumbwa, ambacho leo huitwa Kipkelion. Kutoka hapo mzigo ulipandishwa vilima kwa njia ambayo wakati wa masika iligeuka tope. Hata baadaye, barabara za lami zilipojengwa, mtu wa kijijini hakuwa na sanduku lake mwenyewe, bali alitumia S.L.P. ya shule, ya kanisa au ya kiwanda cha chai, na bahasha yake ikapita mikononi mwa mwalimu mkuu au karani kabla ya kumfikia. Kwa hiyo zoezi lililotumwa ng'ambo liliweza kurudi majuma mengi baadaye, mwanafunzi akiwa amekwisha kusahau alichokuwa ameandika, na masahihisho yakasomeka kama mazungumzo ya watu wengine.

Serikali huru nayo iligeukia posta mapema, kwa tatizo lake yenyewe. Tume ya Ominde, iliyochunguza elimu ya taifa zima na kutoa ripoti yake ya kwanza mwaka 1964, ilikuta shule za msingi zimejaa walimu wasio na mafunzo ya kutosha, nayo ikaona kwamba kuwaondoa wote kazini ili wakasome kungefunga madarasa yaliyokuwa yanaanza tu kujaa. Suluhisho likawa Kitengo cha Masomo kwa Posta, kilichoanzishwa mwaka 1967 katika mji wa Kikuyu, kwenye taasisi ya elimu ya watu wazima ya chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa msaada wa Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Walimu walilengwa kwanza, wengi wao wakiwa wa daraja la P3, ambalo lilikuwa daraja la chini la walimu waliopata mafunzo, na masomo yaliwaandaa kwa mtihani wa sekondari ya chini ambao mwenye kuufaulu aliweza kupanda hadi P2 na kuongezewa mshahara.

Utaratibu wa kitengo hicho unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu vyuo vya leo vinavyojivunia kuchanganya video, maandishi na mikutano huenda visijue kwamba mchanganyiko huo ulikuwapo zamani. Mwalimu wa Bomet alipojiandikisha alitumiwa vijitabu vilivyogawanywa katika masomo mafupi, kila somo likiishia kwa maswali na karatasi ya majibu. Alisoma kijitabu jioni kwa taa ya mafuta, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake; akafungulia redio, ambako Sauti ya Kenya ilitangaza vipindi vilivyofuata masomo yale yale; akajaza karatasi, akaitia katika bahasha na kuipeleka posta. Huko Kikuyu msahihishaji aliisoma, akatia alama kwa wino, akaandika maelezo pembeni, na karatasi ikarudi. Wakati wa likizo wanafunzi waliitwa kwenye kozi fupi za bweni, wakaonana ana kwa ana na walimu na, jambo ambalo halikuwa dogo, wakaonana wao kwa wao na kugundua kwamba mwenzao wa Kisii au Nandi naye alikwama katika somo lile lile la hesabu. Redio ilikuwa na faida ya kufika papo hapo bila kujali tope, ila haikusikiliza. Mtu asiyeelewa hakuweza kuisimamisha, na betri ilipoisha somo liliisha nayo. Karatasi ilichelewa, lakini ilirudi na jina la mwanafunzi juu yake, ikiwa na maneno ya mtu aliyeisoma kazi yake na si ya mwingine. Mwalimu aliyepata maelezo mazuri aliyahifadhi, kama watu wanavyohifadhi barua.

Kuridhika kwa wanafunzi wa enzi hiyo hakukupimwa kwa ngazi tano, ila kulikuwa na kipimo kingine kisichodanganya, nacho ni uvumilivu. Mwanafunzi wa posta anayeacha masomo hahitaji kuomba ruhusa wala kufunga virago. Huacha tu kutuma karatasi. Somo la kwanza lilikuwa na bahasha nyingi na somo la mwisho likawa na chache, hali ambayo imeziandama shule za posta duniani kote. Aliyevumilia alisukumwa na daraja la P2, ambalo lilikuwa na thamani inayohesabika kwa shilingi kila mwisho wa mwezi.

Mwaka 1969 Toweett aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu, na baada ya kushika wizara nyingine akarudi katika cheo hicho mwaka 1976. Mwaka huo huo Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO ulifanyika Nairobi, yeye akiwa rais wake, na tarehe 26 Novemba ukapitisha Pendekezo kuhusu Maendeleo ya Elimu ya Watu Wazima, waraka ambao hadi leo huitwa kwa jina la mji huo. Kwamba mkutano huo uliongozwa na mtu aliyepata shahada zake za mwanzo kwa barua ni sadfa ambayo wanahistoria wa elimu wa Kenya wameipita upesi mno.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichoanzisha mwaka 1986 shahada ya elimu kwa wanafunzi wa nje, tena Kikuyu. Mwanafunzi wa nje, kwa maana ya mpango huo, ni yule anayesoma nyumbani kwa vitabu vya kozi na kufika kituoni kwa vipindi vichache na mitihani, na kwa mtu wa Kericho vituo vilivyofikika vilikuwa Kisumu na Nakuru, ambavyo vyote viko mbali kiasi cha kumgharimu siku na nauli. Baadaye vyuo vingine vikaja na mpango wa likizo, ambao walimu waliupenda kupita mwingine wowote: shule zinapofungwa Aprili, Agosti na Desemba, mwalimu huhamia chuoni, husoma kutwa kucha kwa majuma machache, kisha hurudi darasani kwake akiwa na kazi ya kuandika. Kwa takriban miongo miwili, likizo katika nchi ya chai ilikuwa msimu wa walimu wanaobeba mikoba, na chai nyumbani ikachumwa na wake, waume au vibarua wao. Sababu ya mpango huo kupendwa si ngumu kuielewa, kwani uliwarudishia walimu uso wa mhadhiri na kikundi cha wenzao, navyo ni vitu ambavyo bahasha haikuweza kuvibeba. Furaha hiyo ilipungua pale Tume ya Huduma za Walimu ilipoweka mwongozo mpya wa kupanda vyeo, kufuatia mkataba wake na vyama vya walimu ulioanza kutumika mwaka 2017, mwongozo ambao haukumhakikishia tena mwalimu wa msingi kwamba shahada itampandisha daraja moja kwa moja. Mafunzo yalikuwa yale yale na wahadhiri wale wale. Kilichobadilika ni kile kilichorudi.

Wakati huo vyuo vilikuwa vimeanza kuja mlangoni. Kabianga, iliyokuwa kwa miaka mingi na kituo cha mafunzo ya wakulima, ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, chuo kishiriki mwaka 2009, na chuo kikuu kamili kilichopewa hati yake mwaka 2013, kikiwa kimezungukwa na michai pande zote. Bomet nayo ikapata chuo kishiriki cha Moi mwaka 2017. Jaribio la Benki ya Dunia lililoitwa Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, lililoanza mwaka 1997 kwa kurusha mihadhara ya Marekani na Ulaya kwa setilaiti hadi vituo kama Chuo Kikuu cha Kenyatta, liliwagusa watu wachache mno wa eneo hili. Kilichowagusa ni nyaya za intaneti zilizofika Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, ambazo pamoja na mtandao wa vyuo wa KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, ziliifanya intaneti iwe kitu cha kila siku kwenye kampasi. Intaneti hiyo, hata hivyo, iliishia langoni mwa chuo, na hadi mwaka 2020 vyuo vingi viliichukulia kozi ya mtandaoni kama nyongeza, si njia kuu.

Mtu wa kwanza mwenye ugonjwa wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe na vyuo vikuu viwaruhusu wanafunzi waende nyumbani kabla ya wiki kwisha. Ghafla mwanafunzi wa Kabianga, Moi au Nairobi mwenye kwao Konoin au Ainamoi akawa mwanafunzi wa masafa bila kuomba, akitakiwa kuhudhuria mihadhara kwa Zoom au Google Meet na kupakua maandishi kutoka Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi ambayo vyuo vingi vya Kenya huitumia. Mtu hawezi kuelewa malalamiko ya mwaka huo bila kuijua hali ya hewa ya Kericho. Asubuhi huwa na jua. Kuanzia mchana upepo unaotoka Ziwa Viktoria hupanda miinuko, mawingu hukusanyika, na alasiri hunyesha mvua ya radi ambayo mara nyingi huja na mawe, kiasi cha eneo hili kutajwa miongoni mwa yale yenye mvua ya mawe siku nyingi zaidi duniani. Radi hukata stima, kama wakazi wanavyouita umeme, na mnara wa simu ukiishiwa na betri huzimika nao. Hata pale mtandao unapobaki, nyumba nyingi zimeezekwa kwa mabati yasiyo na dari, na mvua inapoyapiga, sauti ya mhadhiri humezwa ijapokuwa simu imebanwa sikioni. Somo lililopangwa saa nane mchana na mtu aliyeko Nairobi lilikuwa, kwa mwanafunzi huyo, limepangwa katika saa mbaya kuliko zote.

Saa nane pia ni wakati majani yanapopelekwa kituo cha kununulia. Mchumaji huanza alfajiri, akichukua majani mawili na chipukizi, na baada ya mchana hukaa kwenye foleni ya mizani akisubiri lori la kiwanda. Kijana aliyerudi nyumbani wakati wa korona alihesabiwa mara moja kama jozi ya mikono, na kwa haki, kwa sababu karo yake ilitoka kwenye majani hayo hayo. Wapo waliojiunga na darasa kisha wakaitumbukiza simu mfukoni, jina likawa chuoni na mikono ikawa shambani. Fedha za mkulima wa KTDA huja kwa malipo madogo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka wa mauzo, inayolipwa kwa kawaida mwezi Oktoba, wakati muhula wa Septemba umekwisha kuanza, na bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa kwa muda mrefu imekuwa ndogo kuliko ile ya Mlima Kenya. Bando la intaneti likanunuliwa kwa siku, kama sukari ya kupimwa, na video ilizimwa ili lidumu.

Ilikuwa katika mwaka huo huo ambapo nchi ya chai ilipata chombo cha elimu cha ajabu kuliko vyote vilivyotangulia, yaani puto. Kampuni ya Loon, dada ya Google, kwa ushirikiano na Telkom Kenya, ilizindua tarehe 7 Julai 2020 huduma ya intaneti kutoka maputo 35 hivi yaliyoelea kilomita 20 juu ya ardhi, ng'ambo ya mawingu na ya njia za ndege. Kila puto lilikuwa la plastiki nyembamba yenye ukubwa wa uwanja wa tenisi, likiwa limebeba mitambo inayotumia nguvu ya jua, na halikuwa na injini ya kulisukuma. Lilipanda au kushuka likitafuta upepo unaokwenda upande lilikotakiwa. Yalirushwa kutoka Marekani na Puerto Rico, yakasafiri hadi Afrika Mashariki, na eneo la kilomita za mraba 50,000 hivi lililokusudiwa lilitajwa kwa majina ya miji, Kericho na Bomet zikiwamo. Wazo lilikuwa zuri kweli, kwani mnara ulio angani hauzuiwi na kilima wala bonde. Lakini lilimhitaji mtu awe na simu ya 4G na kadi ya Telkom, katika vijiji ambavyo watu wengi hutumia Safaricom kwa sababu ya M-Pesa, na kampuni mama haikuona njia ya kulifanya lijilipe. Januari 2021 ilitangazwa kwamba Loon inafungwa, na mwezi Machi huduma ya Kenya ikakoma. Kwa wanafunzi wengi maputo hayo yalipita juu bila wao kujua.

Nadharia moja inasaidia kueleza kwa nini lawama za mwaka 2020 hazikuisha mtandao ulipoimarika. Michael Moore, msomi wa elimu ya masafa, alieleza kwamba umbali unaodhuru masomo si ule wa kilomita, bali ni pengo la maelewano linalopanuka pale ambapo kozi ina mpangilio mwingi na mazungumzo machache. Mwanafunzi aliyeko mita mia kutoka ofisi ya mhadhiri aweza kuwa mbali zaidi, kwa kipimo hicho, kuliko mwalimu wa P3 aliyesahihishiwa kazi na mtu aliyeko mjini Kikuyu. Vyuo vya umma vya Kenya vimekuwa kwa muda mrefu na balaa ambalo wanafunzi huliita maksi zilizopotea: mtu amefanya mtihani au amewasilisha zoezi, lakini alama haionekani katika rekodi, naye huzunguka kutoka idara hadi idara, wakati mwingine mpaka miezi ya mwisho kabla ya mahafali. Mitambo ya mtandaoni ilitarajiwa kulimaliza, kwa kuwa kila faili lina saa na tarehe yake. Mahali pengine imelipunguza, na mahali pengine imempa mwanafunzi ushahidi tu kwamba alituma. Hojaji nyingi huuliza kuhusu kasi ya mtandao, urahisi wa programu na ubora wa video, mambo yote ya kutuma. Chache huuliza zoezi lilirudi baada ya siku ngapi, na lilirudi na maneno mangapi.

Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake, makao yake yakiwa Konza, na kikaanza kuwapokea wanafunzi mwaka huo, wote wakisoma kwa mtandao, takriban miaka 30 baada ya Tanzania, ambayo Chuo Kikuu Huria chake kiliundwa kwa sheria mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994. Mwalimu wa Bomet anayejiandikisha leo hahitaji S.L.P. ya mtu mwingine, wala hamngoji karani. Maswali ya kuchagua jibu husahihishwa na kompyuta kabla hajaiweka simu chini, na alama huonekana kwa rangi ya kijani au nyekundu. Insha ya kurasa nane bado humsubiri mhadhiri mwenye insha nyingine mia kadhaa, na mahali ambapo wino wa msahihishaji wa kule Kikuyu ulikuwa unapita pembeni mwa karatasi pamewekwa kisanduku cha maoni, ambacho mwanafunzi hukifungua jioni, mvua ikiwa imekatika, na mara nyingi hukikuta kitupu.